Kikuza Sauti cha Mwanafunzi wa Gitaa: Tazama Umeme Kabla ya Ukubwa

Wahenga walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Katika ununuzi wa vyombo vya muziki yafaa tuongeze kwamba hata ghali huuvunja, ikiwa mnunuzi hakujua anachokihitaji. Jambo hili huonekana hasa pale kijana anapopata gitaa la umeme, kisha jamaa zake wakatakiwa wamtafutie kikuza sauti, au amplifaya kama wengi wanavyokiita.

Katika miji ya Arua na Koboko, huko West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda, vyombo vya nyuzi si vigeni. Kabla ya gitaa ilikuwapo adungu, kinubi chenye shingo iliyopinda, ambacho hata leo husikika katika kwaya za makanisa na katika sherehe. Aidha, Kongo ni jirani wa mlango kwa mlango. Muziki wa Franco Luambo Makiadi (1938-1989) na wa Docteur Nico Kasanda (1939-1985) haukuhitaji pasi ili kuvuka mpaka. Ulipita kwa redio na sahani za santuri, na vijana wengi wa upande huu walijifunza kupenda gitaa kwa kuwasikiliza mabingwa hao.

Basi si ajabu kijana wa leo kutaka gitaa la umeme. Lakini fedha ya kununulia vifaa hivyo hutoka katika mfuko uleule unaolipa karo na dawa. Pengine imetokana na simsim iliyouzwa, au mbuzi, au michango ya kwaya iliyokusanywa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Fedha ya namna hiyo haina budi kutumiwa mara moja tu, na itumiwe vyema. Makala haya yanakusudia kumsaidia mzazi, mwalimu wa kwaya, au kijana mwenyewe, achague chombo kitakachodumu bila kumfilisi.

KAZI YA KIKUZA SAUTI

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hizo, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya, kwa kawaida pungufu ya volti moja. Kikuza sauti hufanya kazi mbili: kwanza huuinua umeme huo mdogo, kisha huupa nguvu ya kuisukuma spika.

Wengi hujaribu kuepuka gharama kwa kuchomeka gitaa katika redio ya nyumbani. Ushauri wetu ni kwamba wasifanye hivyo. Redio imetengenezwa ipokee sauti iliyokwisha kuinuliwa, kama ile ya kaseti au simu. Gitaa likichomekwa humo, sauti hutoka hafifu na yenye ukungu. Kijana naye, kwa kutoridhika, huifungua redio hadi mwisho, na pigo moja la ghafla laweza kuichana karatasi ya spika. Hapo nyumba imekosa gitaa na imekosa taarifa ya habari pia.

Hali kadhalika, gitaa la besi lisichomekwe kwa nguvu katika kikuza sauti kidogo cha gitaa la kawaida. Sauti nzito za besi huitikisa spika kupita kadiri yake. Besi ina kikuza sauti chake.

WATI NGAPI ZATOSHA?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Mtu huona kimoja kimeandikwa wati 10 na kingine wati 100, akadhani cha pili kitapiga kelele mara kumi zaidi. Sivyo masikio yanavyosikia. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa kiasi cha mara mbili, nguvu hupasa kuongezwa karibu mara kumi. Kwa hiyo, ikiwa spika ni za aina moja, kile cha wati 100 kitasikika kama mara mbili tu ya kile cha wati 10, ingawa bei na uzito wake vitakuwa vimepanda sana.

Kwa mwanafunzi anayejizoeza chumbani, wati 3 hadi 10 zatosha, na pengine zitamzidi jirani. Kwa kwaya ndogo isiyotumia ngoma kubwa, wati 15 hadi 20 zitafaa. Panapokuwa na ngoma kamili, tarumbeta na ukumbi uliojaa watu, hapo ndipo mtu afikirie wati 30 na zaidi. Lakini huyo si mwanafunzi tena.

Jihadhari pia na wati za kwenye karatasi. Vyombo vingine hubandikwa maandishi ya wati 1,000 pamoja na herufi PMPO. Tarakimu hizo ni za kuvutia macho tu. Tafuta herufi RMS, ambazo huonyesha nguvu ambayo chombo chaweza kuitoa kwa mfululizo. Kama hakuna maandishi hayo, nyanyua chombo chenyewe na utazame spika yake. Kitu chepesi kama kopo, chenye spika ndogo kama kisahani, hakiwezi kuwa na wati mia, hata muuzaji aape.

Ukubwa wa spika nao una maana. Spika ya inchi 3 hutoa sauti nyembamba. Ya inchi 6 au 8 hutoa sauti yenye mwili. Penye vikuza sauti viwili vya bei moja, kimoja chenye wati nyingi na spika ndogo, kingine chenye wati chache na spika kubwa, mara nyingi cha pili ndicho kitakachompendeza msikilizaji.

UMEME WA NYUMBANI KWENU

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi na ajiulize swali hili: je, chombo hiki kitapata umeme wapi, na kwa saa ngapi kwa siku? Kwa miaka mingi West Nile haikuwa imeunganishwa na gridi ya taifa. Ilitegemea mitambo ya mafuta na, tangu mwaka 2012, kituo cha maji cha Nyagak karibu na Paidha, chenye uwezo wa megawati 3.5 tu. Watu wa Arua na Koboko hawahitaji kufundishwa maana ya giza la ghafla, wala ya taa inayofifia na kung'aa. Na vijijini ziko nyumba nyingi zisizofikiwa na waya wowote.

Kwa nyumba isiyo na umeme, vipo vikuza sauti vinavyotumia betri. Roland Micro Cube GX, kwa mfano, ina wati 3 na spika ya inchi 5, na hutumia betri ndogo sita za aina ya AA. Blackstar Fly 3 nayo ina wati 3 na hutumia betri sita kama hizo, ila spika yake ni ya inchi 3. Gharama ya betri ihesabiwe tangu mwanzo, na yafaa kununua zile zinazochajiwa upya.

Mwenye sola afanye hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600. Ili isife mapema, tumia nusu yake, yaani 300. Ikiwa kikuza sauti chavuta wati 30 kutoka kwenye umeme (kiasi hiki huandikwa nyuma ya chombo, nacho si sawa na wati za spika), betri ingekipa saa 10. Ondoa kinachopotea katika inverta, zitabaki kama saa 8. Chombo cha wati 100 kingeimaliza akiba hiyo mapema mno, na usiku nyumba ikabaki bila taa.

Mwenye umeme wa waya asome kibandiko cha nyuma. Umeme wa Uganda ni volti 240, mizunguko 50. Chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Marekani huandikwa volti 120, nacho kikichomekwa ukutani moja kwa moja kitaungua papo hapo. Vyombo vya namna hiyo huweza kufika katika mitumba, tena kwa bei ya kushawishi. Bei hiyo si rahisi, kwa kuwa utalazimika kununua transfoma ya kushusha umeme. Aidha, tenga fedha kidogo ya kifaa cha kulinda umeme. Umeme ukikatika, chomoa plagi. Ukirudi, ngoja dakika chache utulie ndipo uchomeke.

SAUTI YA AINA GANI?

Vikuza sauti vingi vya wanafunzi huwa na njia mbili: moja ya sauti safi, nyingine ya sauti ya kukwaruza ipendwayo katika muziki wa roki. Muuzaji hupenda kuonyesha hiyo ya pili kwa sababu hushtua masikio. Lakini kijana wa Arua au Koboko kwa kawaida atapiga nyimbo za kanisa, au rumba na seben za Kikongo, ambamo gitaa la solo na la ridhimu hujibizana kwa sauti safi, ya kung'aa, kila uzi ukisikika peke yake. Kwa muziki huo, njia ya sauti safi ndiyo ya kupimwa kwanza. Chombo chenye milio hamsini ya bandia lakini sauti safi ya kopo hakimfai.

Katika vile vya umeme wa waya, vidogo vinavyojulikana ni kama Fender Frontman 10G yenye wati 10 na spika ya inchi 6, Vox Pathfinder 10 yenye wati 10 na spika ya inchi 6.5, na Orange Crush 12 yenye wati 12 na spika ya inchi 6. Vyote hivi ni vya transista. Vile vya valvu, yaani chupa za kioo kama za redio za zamani, vina sauti tamu, lakini ni vizito, ni ghali, na valvu ikiungua si rahisi kupata nyingine hapa karibu. Mwanafunzi hana haja navyo.

Tazama pia kama kuna tundu la hedifoni. Tundu hilo huleta amani nyumbani, maana kijana ataweza kurudia wimbo mmoja mara mia bila kumwamsha mtoto aliyelala.

DUKANI: JARIBU KABLA YA KULIPA

Kampala iko karibu kilomita 500 kutoka Arua. Anayeagiza chombo kutoka huko bila kukijaribu atapata taabu kukirudisha. Heri ujaribu, au umtume mtu ajuaye gitaa. Nenda na gitaa lako na waya wako, kisha ufuate hatua hizi:

Kwanza, washa chombo kabla ya kuchomeka gitaa. Mvumo mdogo ni kawaida. Mngurumo mkubwa ni ugonjwa.

Pili, zungusha kila kifungo polepole toka mwanzo hadi mwisho. Kikikwaruza, mna vumbi ndani au kimechakaa.

Tatu, piga uzi mnene kwa upole, kisha kwa nguvu. Spika ikizizima kama karatasi, huenda imepasuka.

Nne, tikisa kidogo waya penye tundu la gitaa. Sauti ikikatika, tundu limelegea.

Tano, kiache kifanye kazi kwa dakika 20, kisha uguse mgongo wake na kunusa. Vuguvugu si neno. Harufu ya kuungua ni sababu ya kuondoka.

Mwisho, dai risiti, na mpatane siku za kukirudisha endapo kitaharibika. Majina makubwa hughushiwa. Risiti ndiyo shahidi wako.

USALAMA WA MPIGAJI

Jambo hili ni la uhai, si la fedha. Plagi yetu ina meno matatu, na lile refu ni la waya wa ardhini. Kuna wanaolikata au kuuacha waya huo ukining'inia, ili plagi iingie katika tundu la meno mawili. Kufanya hivyo ni kucheza na mauti, kwa sababu nyuzi za gitaa zimeungana na chuma cha kikuza sauti, na vidole vya mpigaji viko juu ya nyuzi hizo. Mwaka 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Scotland, alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi huku ameshika gitaa lake.

Kwa hiyo, meno matatu yabaki matatu, na fyuzi iwe ya kiasi kinachotakiwa. Kwa chombo kidogo ampea 3 zatosha. Usipige gitaa ukiwa peku juu ya sakafu yenye maji, wala wakati wa radi. Na asiye fundi asifungue mgongo wa kikuza sauti, hasa cha valvu, kwani mna umeme mkali unaoweza kubaki ndani hata baada ya plagi kuchomolewa.

UTUNZAJI

Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika ni maadui wa chombo hiki. Kishonewe mfuko wa kitambaa kizito, kiwekwe juu ya kigoda na si sakafuni, na kisigeuzwe meza ya vikombe vya chai. Kikisafirishwa kwa bodaboda, kifungwe katika blanketi. Unapozima, shusha sauti kwanza.

Ndugu msomaji, fedha yako iigawe hivi: kikuza sauti kidogo chenye sauti safi, waya imara wa gitaa, nyuzi za akiba, na kifaa cha kulinda umeme. Ukivipata hivyo vinne, mwanao ana kila anachohitaji kwa mwaka wa kwanza na zaidi. Kilichobaki ni mazoezi, na hayo hayauzwi Arua, Koboko wala Kampala.