Luba Balagova: Mshairi aliyeipeleka lugha ya wazee wake kwenye filamu

MKATAA kwao ni mtumwa, walinena wahenga. Lakini je, aliyezaliwa ugenini, kwao ni wapi?

Swali hili lilianza kunisumbua mwaka 2009, tuliporudi Burundi kutoka makazi ya Ulyankulu, Tabora. Binti yangu alichekwa sokoni kwa sababu kila bei aliitaja kwa Kiswahili. Kirundi cha bibi yake kilimgomea mdomoni.

Nusu ya jibu nimeipata mbali, kwa mshairi na mtayarishaji wa filamu wa Kicherkesi, Luba Balagova.

Ndugu msomaji, Wacherkesi ni watu wa milima ya Kaukasi, kusini mwa Urusi ya leo. Vita yao na dola ya Urusi ilikwisha Mei 21, 1864, wakashindwa. Mamia ya maelfu walifukuzwa na kuvushwa Bahari Nyeusi hadi nchi zilizokuwa chini ya Waturuki. Wengi walikufa kwa njaa, maradhi na kuzama. Hadi leo, walio nje ni wengi kuliko walio nyumbani.

Baadhi yao walifika Amman mwaka 1878, wakakuta magofu ya Kirumi. Wakajenga humo, wakalima. Leo Amman ndio mji mkuu wa Jordan, na walinzi wa heshima katika kasri ya mfalme ni Wacherkesi.

Luba ni wa upande wa pili, wa wale waliobaki. Kwao ni Kabardino-Balkaria, ambako mji mkuu ni Nalchik, na mashairi yake huyatunga kwa Kikabardi, lugha ya Wacherkesi wa huko. Tangu 1936 lugha hiyo huandikwa kwa herufi za aina ya Kirusi. Hapo ndipo penye uchungu: mjukuu wa mkimbizi aliyesoma Uturuki au Jordan huenda akamwelewa mshairi akisema, lakini kitabu chake kikamshinda.

Mumewe, Mohydeen Quandour, ni mjukuu wa namna hiyo. Alizaliwa Amman mwaka 1938, akaenda Marekani, akawa mwongozaji wa filamu. Mwaka 1974 ilitoka filamu yake The Spectre of Edgar Allan Poe. Baadaye aliandika riwaya za vita vya Kaukasi, kwa Kiingereza. Basi mke alikuwa na lugha, mume alikuwa na kamera.

Mwaka 2010 wakatoa filamu iitwayo Cherkess. Mume aliongoza, mke akatayarisha. Kisa chake ni cha mwaka 1900: kijana wa Kicherkesi, mgeni katika ardhi ya Jordan, anampenda binti wa shehe wa Mabedui. Mila za wageni na za wenyeji zinagongana, nusura damu imwagike. Wazee wanaketi, wanasemezana.

Kilichonigusa ni kwamba waigizaji wanasema Kicherkesi na Kiarabu, kila mtu kwa lugha ya kwao. Herufi zilizomshinda mjukuu hazina kazi hapo. Anatazama na kusikia. Shairi lilihitaji msomaji, filamu ilihitaji masikio tu.

Tena filamu hiyo haimwambii mjukuu akitupe Kiarabu alichokulia. Inampa na kile cha babu yake, avibebe vyote viwili.

Sisi tuliorudi tulidhani safari imekwisha lori liliposhusha mizigo. Kumbe ardhi hupokewa siku moja, lugha hupokewa miaka.

Binti yangu sasa ni mama, anafanya biashara mpakani Kobero. Kiswahili kilekile kilichochekwa ndicho mtaji wake kwa wateja wa ng'ambo. Jioni akirudi, mwanawe humsahihisha Kirundi, naye hucheka kuliko wote.