Njia ya Kuingilia ni ya Nani?

Umenunua kiwanja cha hatua 20 kwa 20 huko Kibaha au Kisarawe, na lori la mchanga limefika hadi msingini. Je, njia lililopita ni ya nani?

Sheria ya Ardhi ya 1999 yatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Barabara iliyochorwa katika ramani ya upimaji iliyoidhinishwa haimo katika hati ya mtu binafsi. Lakini shamba likikatwakatwa bila kupimwa (nasi twawajua madalali!), njia hubaki kipande cha shamba la muuzaji. Akifariki, warithi waweza kuijengea ukuta.

Basi kabla hujalipa, njia iandikwe katika mkataba, upana wake utajwe kwa mita, na majirani wote watie sahihi.