Mahakama Katika Kiganja cha Mkono

Mwaka 2001 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo uitwao Gyakuten Saiban, yaani kesi iliyopinduliwa. Mtungaji wake, Shu Takumi, aliuandika kwa ajili ya Game Boy Advance, mashine ya michezo ya kushika mkononi iliyotumia betri mbili ndogo. Kioo chake kilikuwa na nukta 240 kwa upana na 160 kwa kimo. Mwaka 2005 mchezo huo ulihamishiwa kwenye mashine ya Nintendo DS, ukatolewa pia kwa Kiingereza kwa jina la Phoenix Wright: Ace Attorney.

Ndani ya mchezo huo hakuna mbio wala risasi. Mchezaji ni wakili kijana ambaye hana budi kumwokoa mshtakiwa asiye na hatia. Shahidi hutoa maelezo yake sentensi baada ya sentensi. Wakili aweza kumdodosa juu ya sentensi yoyote, au kutoa kielelezo kinachoikanusha na kupaza sauti kwamba anapinga. Akikosea mara tano, mteja wake huhukumiwa.

Kesi ya kwanza yatosha kuonyesha jinsi hoja zinavyojengwa. Shahidi asema aliikuta maiti saa 7 mchana, ilhali taarifa ya daktari yaeleza kwamba marehemu alikufa kati ya saa 10 na saa 11 alasiri. Shahidi ajitetea kuwa alisikia wakati huo ukitajwa katika televisheni. Lakini hati yathibitisha kwamba umeme ulikuwa umekatika. Ndipo aseme kwamba ilikuwa ni saa ya mezani, yenye kutamka wakati, na hiyo ndiyo silaha iliyotumika kuua. Saa hiyo yaletwa mahakamani, nayo yaonekana kuwa nyuma kwa saa 3. Je, ilikuwa hivyo siku ya mauaji pia?

Jibu limo katika hati ya kusafiria ya marehemu: alikuwa amerejea kutoka Paris siku moja kabla ya kuuawa. Katika tafsiri ya Kiingereza kesi yatokea magharibi mwa Marekani, na Paris iko mbele ya huko kwa saa 9. Kumi ukiijumlisha na tisa wapata kumi na tisa. Ukitoa kumi na mbili yabaki saba. Kwa hiyo saa hiyo haikuwa nyuma kwa saa 3, bali mbele kwa saa 9, na katika mzunguko wa saa 12 mambo hayo mawili hayatofautiki. Mwalimu wa hisabati atafutaye mfano wa hesabu za mzunguko hatapata wa kusisimua kuliko huu. Shahidi aliisikia saa ikitamka alipokuwa akiinua silaha. Yeye ndiye muuaji.

Yafaa ieleweke kwamba mashine yenyewe haifahamu neno hata moja la ushahidi huo. Kila sentensi imewekewa alama yake, na kila kielelezo vivyo hivyo. Mchezaji aoanishapo viwili hivyo, mashine hutazama tu kama jozi hiyo ni ile iliyoandaliwa na mtungaji. Kutokana na hayo yazuka kasoro ambayo wachezaji wengi wameionja: mtu aweza kuwa ameugundua uongo kwa hoja sahihi kabisa, lakini akautaja sentensi moja kabla ya wakati wake, naye akaadhibiwa. Wanafunzi waliopata kusahihishwa kwa karatasi ya majibu isiyokubali njia nyingine wataielewa uchungu yake.

Toleo la mwaka 2005 liliongezewa kesi inayotumia kioo cha kugusa na kipaza sauti. Mchezaji hupuliza unga ili alama za vidole zionekane, na hunyunyizia luminoli palipofichika damu. Kemikali hiyo ni ya kweli. Ikiwa pamoja na haidrojeni peroksidi katika myeyusho wa alkali, chuma kilichomo katika himoglobini huwa kichocheo cha mmenyuko, na mwanga wa buluu huonekana gizani. Lakini shaba, na hata dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, zaweza kuwasha mwanga kama huo. Hivyo maabara huuhesabu kuwa dalili tu, na hupima tena kwa njia nyingine kabla ya kutamka kwamba ni damu.

Katika upande wa sheria mchezo huu wahitaji kutazamwa kwa hadhari. Kesi zake haziruhusiwi kuzidi siku tatu, na kwa kawaida wakili hasalimiki mpaka amtaje muuaji mwenyewe. Ilhali katika sheria mzigo wa kuthibitisha ni wa mashtaka, na shaka ya maana yatosha kumwachia mshtakiwa. Hata hivyo dhihaka hiyo haikutoka hewani. Nchini Japani zaidi ya asilimia 99 ya wanaofikishwa kortini hutiwa hatiani, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba waendesha mashtaka hupeleka tu kesi wanazoziamini. Tangu Mei 2009 kesi nzito husikilizwa na mahakimu watatu pamoja na raia sita waliochaguliwa kwa kura, na raia hao wana ruhusa ya kumwuliza shahidi maswali yao wenyewe.