Nguruwe wakue bila kapsuli: pumba chachu inaweza



Huku Aveba, na katika Walendu-Bindi yote, nguruwe ni banki ya jamaa. Watu walikimbia vita mara nyingi, ng'ombe wakaporwa, na mutu akirudi kijijini hana franka za kununua ng'ombe mwingine. Nguruwe jike anabeba mimba miezi 3, juma 3 na siku 3 tu, kisha anazaa watoto 8 ao 10. Ndiyo minerval ya shule, ndiyo deni la hospitali. Tunaelewa basi kwa nini mufugaji anatafuta kila njia ili wakue haraka.

Lakini kuko njia moja tunaomba muiache: kufungua kapsuli za tetrasikilini na kumwaga unga wake katika chakula cha kila siku, hata kama hakuna nguruwe aliye mugonjwa.

Mambo haya hayakuanza kwetu. Karibu mwaka 1950, huko Marekani, waliona kwamba kuku na nguruwe wanaopewa antibiotiki kidogo kidogo wanaongeza kilo kuliko wengine. Nchi nyingi zikafuata. Shida ni kwamba dawa kidogo haiui vijidudu vyote. Vile vyenye nguvu vinabaki, vinazaana, vinapita kwa mavi, kwa maji, kwa mikono yetu. Siku mutoto wako anaugua, muganga anamupa dawa ya jamii ileile, na haifanyi kazi. Uswidi ilikataza desturi hiyo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya wote tangu tarehe 1 Januari 2006.

Wafugaji wa Denmark waliacha mapema kidogo, kati ya 1998 na 2000. Tusifichane: mwanzoni watoto wa nguruwe walioachishwa ziwa waliharisha sana. Hapo ndipo penye kazi. Mutoto anapoachishwa, tumbo lake halina asidi ya kutosha, na vijidudu vibaya vinapata fasi. Kwa hiyo usimwachishe mapema. Mbele ya juma 6 ni haraka mno kwa hali yetu. Na umupe chakula chachu.

Chukua bidon ao pipa safi. Weka pumba ya mahindi kipimo 1 na maji safi vipimo 2, koroga, funika bila kukaza, acha siku 2 ao 3 kivulini. Ikinuka uchachu mzuri kama uji wa kuchachisha, iko tayari. Ikinuka kuoza ao ikiota ukungu, tupa, hata kama inauma. Bakisha kidogo chini ya pipa, iwe mbegu ya mara ijayo. Vijidudu vizuri vya ule uchachu vinatengeneza asidi, na asidi inazuia vile vinavyoleta kuharisha. Anza na kidogo, changanya na chakula walichozoea, ongeza pole pole. Bei yake? Maji na subira.

Wengine wanauliza juu ya kitunguu saumu, makala ya kusaga, maji ya ndimu. Vyote vimejaribiwa fasi nyingi, na matokeo hayafanani: mara vinasaidia, mara hapana. Ukiwa navyo nyumbani, jaribu kwa nguruwe wawili, upime. Usiuze mbuzi ili ununue unga wa ajabu sokoni Bunia.

Mara nyingi kinachozuia nguruwe kukua kiko ndani ya chakula chenyewe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Ukaange ao uichemshe kwanza. Muhogo muchungu una sumu. Uloweke na uanike vizuri. Na maji! Nguruwe bila maji safi hali vizuri, hata umupe nini.

Antibiotiki ibaki kwa nguruwe mugonjwa, kwa neno la veterineri, kwa siku alizosema, na musichinje mbele ya siku zilizoandikwa kwenye chupa kwisha.

Mukiona nguruwe wengi wana homa kali, masikio na tumbo vinakuwa vyekundu, wanakufa mumoja mumoja, pengine ni homa ya nguruwe ya Afrika. Hiyo haina dawa ya kuitibu: wala kapsuli, wala pumba chachu. Musiuze nyama, musitupe mizoga porini, fungeni zizi, mwite veterineri siku ileile. Na mabaki ya jikoni, hasa yenye nyama, yachemsheni kila mara mbele ya kuwapa.