Sataranji na Dadu Ndani ya Simu

Hapana mwezi upitao sasa ila huja mzazi chuoni kwetu kutuuliza: Je, michezo ya simu na ya kompyuta ni halali au ni haramu? Na kila ajaye hutaka jibu la neno moja. Sisi twaona swali hili halijibiki kwa neno moja, kwa sababu chini ya jina hilo la "mchezo" vimekusanywa vitu visivyofanana hata kidogo, na mwalimu amwambiaye kijana kuwa vyote ni mamoja, kijana hujua papo hapo kuwa mwalimu wake anasema asilolijua. Kwa hivyo katika likizo iliyopita tulijitwika kazi ambayo huenda ikawachekesha baadhi ya wasomaji wetu. Kila usiku baada ya sala ya Isha tulikaa nusu saa, simu mkononi au mbele ya kompyuta ya nyumbani, tukicheza ile ile michezo wanayoicheza vijana wetu.

Kabla ya kueleza tuliyoyaona, yafaa tukumbushe jambo walilolijua wazee wetu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi walipoiangalia sataranji, na walipouangalia mchezo wa nardi, ambao vipande vyake huendeshwa kwa kurusha dadu, hawakuihukumu michezo hiyo miwili kwa hukumu moja. Sataranji, ikiwa haikuwekewa fedha wala haikumpitishia mtu sala, waliiona ni makuruhu, nardi waliiharamisha. Na sababu waliyoitaja ni kuwa sataranji yategemea fikira na hesabu, na nardi yategemea litakalotoka katika dadu. Tumeuchukua mzani huo wa kale tukapimia vitu vya leo, na tumestaajabu jinsi ulivyo mzima bado.

Tulianza na Tetris, mchezo mkongwe uliobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, mtu aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya huko. Vipande vya miraba minne minne vyaanguka kutoka juu, nawe wavigeuza na kuvipanga. Safu ikijaa hutoweka, na ukishindwa kupanga, ukuta hufika juu na mchezo ukaisha. Kipande kijacho hukuchagui wewe, hilo ni kweli, lakini pa kukiweka ni akili yako na wepesi wa vidole vyako. Twakiri kuwa ulitupendeza. Twakiri pia kuwa usiku wa tatu tulipofumba macho ili tulale tuliendelea kuona matofali yakianguka, na tumepata kusoma kuwa watu wengi duniani hupatwa na hali hiyo hiyo. Mchezo usiokutoza fedha waweza kukutoza usingizi.

Wa pili ulikuwa Candy Crush Saga, uliotoka mwaka 2012, ambao tumewaona kina mama wakiucheza katika daladala na katika foleni za hospitali. Kazi yake ni kupanga peremende tatu za rangi moja zipate kutoweka. Watolewa bure. Unapewa roho tano, na kila ukishindwa roho moja hupotea. Zikiisha zote mchezo hufungwa, na roho moja hurudi baada ya dakika 30. Yaani anayetaka kurudishiwa zote tano hungoja saa mbili na nusu, ama alipe asingoje. Hapa tulisimama tukafikiri. Kule kungoja hakuna kazi yo yote katika mchezo wenyewe; hakuzidishi ugumu wala uzuri wake. Kumewekwa ili kuuzwe kuondolewa kwake. Ni kama mtu afungaye mlango wa nyumba yako, kisha akakaa kizingitini akikuuzia ufunguo! Na mwenye kudhani kuwa kitu cha bure hakina faida na ajue kuwa kampuni iliyoutengeneza, iitwayo King, ilinunuliwa mwaka 2016 kwa dola bilioni 5.9 za Marekani.

Hata hivyo ule wa peremende twauhesabu mwepesi ukiulinganisha na wa tatu, na hapa tutakawia kidogo, maana ndipo palipo na maumivu ya watu.

Alitujia baba mmoja, seremala, na mwanawe wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wetu aliyekwisha hifadhi juzuu nne. Baba alikuwa ameona fedha zake za simu zikipungua kidogo kidogo, leo elfu mbili, kesho elfu tatu, mpaka ikapotea fedha ya mbao za mteja. Mtoto alikuwa ameishika namba ya siri kwa kumtazama baba yake akilipa dukani. Alikuwa akinunua pakiti katika mmoja wa michezo ya kandanda: walipa, pakiti yafunguka kwa mwanga na makelele, na ndani yake hutoka mchezaji wa kuongeza katika timu yako.

Tukamwuliza, "Mwanangu, ulipokuwa ukilipa, ulijua ni mchezaji gani atakayetoka?"

Akasema, "La, Maalim. Hutoka ye yote. Mara nyingi hutoka wale ninao tayari."

"Na ulimtaka nani?"

Akamtaja mshambuliaji mmoja mashuhuri. Hakumpata hata siku moja.

Mtoto huyu lau angeitwa mahali penye meza ya kamari angekimbia, kwani hukumu ya kamari aijua kwa aya zake katika Sura ya Maida. Lakini hakuna aliyemwambia kuwa pakiti ile ni dadu iliyovishwa jezi. Wala si sisi peke yetu tusemao hivi. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitangaza kuwa masanduku ya bahati yauzwayo katika michezo kadhaa, FIFA 18 ukiwa mmojawapo, yanavunja sheria ya kamari ya nchi ile, na mwanzoni mwa 2019 wenye FIFA wakaacha kuuza huko sarafu za mchezo wao. Uholanzi nako mamlaka ilitoza faini ya euro milioni 10, ijapokuwa mwaka 2022 mahakama ya juu iliifuta. Wanasheria wa Ulaya wamekhitilafiana, basi. Sisi tulio na mzani wa nardi twaona mambo yako wazi zaidi.

Baba alitaka kumchapa. Tulimwomba aanze na kubadilisha namba ya siri, na kuifunga simu isikubali kununua kitu bila ya idhini yake, jambo ambalo simu za leo zaliweza na wazazi wengi hawajaambiwa. Deni la mbao mtoto analilipa kwa kupiga randa karakanani siku za Jumamosi.

Upande wa pili tusiuache. Minecraft, uliokamilika mwaka 2011 huko Sweden, hununuliwa mara moja kwa bei ijulikanayo, na kazi yake kubwa ni kujenga. Tulimkuta binti mmoja amejenga humo msikiti wenye mihrabu na birika la kutawadhia, na qibla yake ameitafuta kwa kutazama jua la mchezoni lichomozapo. Huyu tumkataze nini? Wala si kila apendaye mchezo ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani, ambalo orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022 yautaja ugonjwa wa michezo, lasema ni mtu kushindwa kujizuia, mchezo ukatangulia kila shughuli, naye akaendelea ingawa aona madhara, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi kumi na miwili.

Neno moja limebaki kwa kina mama wanaotulalamikia kuwa kijana akiitwa wakati wa Magharibi hujibu "bado kidogo." Michezo ya vita ichezwayo na watu wengi kwa intaneti haisimamishwi katikati, anayeondoka huwaacha wenzake washindwe, na pambano moja la PUBG laweza kuchukua nusu saa. Anayeanza saa kumi na mbili na robo hawezi kuwa tayari kwa adhana. Nyumbani kwetu simu ya mchezo hutolewa baada ya Isha, na hurudi kabatini saa tatu na nusu.