Je, Wajua Breki ya Mbele ya Pikipiki?

Kijana anayejifunza pikipiki kijiweni huonywa mapema kabisa: usiguse breki ya mbele, itakurusha. Onyo hilo limeenea Tanzania, Kenya na Uganda, na wapo waendeshaji wa miaka mingi ambao breki ya mkono wa kulia huishika tu wanaposimama mlimani. Nasema wazi kwamba onyo hilo linaua watu. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwenye pikipiki, na anayejifunza bila kuizoea anaingia barabarani na nusu ya breki.

Sababu iko kwenye umbo la chombo chenyewe. Pikipiki ni fupi kwa urefu, kama mita moja na robo kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, lakini uzito wa mwendeshaji umekaa juu. Ukibana breki, uzito huo unataka kuendelea na safari, kwa hiyo unalalia mbele. Shokapu za mbele zinazama, tairi linakandamizwa barabarani, na kadiri linavyokandamizwa ndivyo linavyozidi kuing'ang'ania lami. Nyuma ni kinyume chake. Tairi linapungukiwa uzito, linashika kidogo, na ukikanyaga breki kwa nguvu linafunga na kuanza kuserereka. Ndiyo maana kwenye lami kavu, pikipiki yenye mtu mmoja hupata kiasi cha asilimia 70 au zaidi ya nguvu yake ya kusimama kutoka gurudumu la mbele.

Tupige hesabu. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kila sekunde. Anayekanyaga breki ya mguu peke yake anaweza kuhitaji karibu mita 28 mpaka asimame; anayetumia zote mbili kwa ustadi anahitaji karibu nusu ya hapo. Mtoto aliyekimbilia mpira barabarani anapona au hafiki hospitali ndani ya tofauti hiyo.

Hata hivyo hofu ya watu haikuzuka hewani. Breki ya mbele humwangusha mtu kweli anapoikamata ghafla, kabla uzito haujahamia mbele. Tairi ambalo halijakandamizwa hufunga mara moja, na tairi la mbele likifunga halipindi tena: chombo kinalala chini kabla hujajua kilichotokea. Hatari ni kubwa zaidi kwenye mchanga, kokoto au tope, na katikati ya kona usukani ukiwa umepinda. Dawa yake ni kubana kwa hatua mbili. Vidole vianze taratibu mpaka usikie shokapu zimezama, kisha viongeze nguvu, usukani ukiwa umenyooka. Yote hayo hayachukui hata sekunde moja kwa mkono uliozoea. Ukisikia tairi limefunga, achia papo hapo, halafu bana upya. Kwenye vumbi na kokoto, punguza nguvu ya mbele na uanze kusimama mapema zaidi.

Ukibeba abiria au gunia la mkaa, uzito ulio nyuma unaipa breki ya mguu kazi kubwa kuliko kawaida. Nadhani hapo ndipo mazoea ya bodaboda yalipopata nguvu. Lakini mzigo huohuo unafanya chombo kizima kuwa kigumu kusimama, kwa hiyo siku hiyo ndiyo unayozihitaji breki zote mbili.

Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, walitoa ripoti iliyojengwa juu ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza palepale zilipotokea, eneo la Los Angeles. Waliona kwamba katika ajali ya kawaida mwendeshaji alikuwa na muda usiofika sekunde 2 wa kujiokoa. Ndani ya muda huo, wengi walikanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likaserereka, na ile ya mbele wakaitumia kidogo mno. Zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa wamejifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki. Barabara zao si za kwetu, lakini mtu aliyeshtuka hufanya kile alichokizoea, awe Los Angeles au Mbagala. Ripoti hiyo ilionyesha pia kwamba mara nyingi gari lilikata njia ya pikipiki, na dereva akasema hakuiona. Kwetu tunaoendesha kushoto, mwogope anayekuja mbele yako huku akitaka kukata kulia.

Twende sasa dukani. Kijana mwenye pesa mkononi huuliza kwanza cc ngapi na inakimbia kiasi gani. Mimi ningeanza na breki, kisha kimo cha kiti, kisha uzito, na injini ningeiweka mwisho. Pikipiki nyingi za kazi zina breki ya duramu mbele, inayovutwa kwa waya. Inafanya kazi, ila waya hulegea na kuhitaji kukazwa, na ukivuka maji breki hupungua nguvu mpaka ikauke. Ya diski ina nguvu zaidi na huivumilia mvua vizuri, ila inataka mkono mpole na oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Kama mfuko unaruhusu, tafuta yenye ABS, mtambo unaohisi gurudumu linataka kufunga na kulegeza breki kisha kuibana tena, mara nyingi kwa sekunde. BMW waliuweka kwenye pikipiki yao ya K100 mwaka 1988. India, zinakotengenezwa Bajaj na TVS tunazozijua sana, imeulazimisha kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125 tangu mwaka 2019. Pikipiki zinazoletwa kwetu kwa kazi ya bodaboda nyingi hazinao, na hilo linaniuma, kwa sababu ndizo zinazobeba watu.

Kaa juu yake. Nyayo zifike chini zote mbili bila kunyooshea vidole, na uweze kuisukuma na kuisimamisha bila msaada. Kwa mwanafunzi wa mjini, cc 100 hadi 125 zinatosha. 150 ni za milima na mizigo. Kama ni ya mkononi, isukume kisha ubane breki ya mbele: isimame na shokapu zizame, bila mlio wa kugonga kwenye shingo ya usukani. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu uone kama zinavuja oili. Soma ubavu wa tairi pia. Tarakimu nne mwishoni mwa alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2423 ni wiki ya 24 ya mwaka 2023. Tairi lililozeeka hukakamaa na kuteleza hata kama meno yake bado yapo.

Bei ya kofia ngumu ihesabiwe ndani ya bei ya pikipiki, ya kwako na ya abiria. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ifunge mkanda, isiyofungwa huruka kabla kichwa hakijagonga chini.

Kabla hujabeba abiria wako wa kwanza, tafuta uwanja mtupu, mkavu na mgumu. Endesha kilomita 20 kwa saa, bana breki zote mbili kwa hatua, usimame. Rudia mpaka vidole vifanye bila kufikiri, ndipo uongeze mwendo. Na fanya hivyo upya kila unapobadili pikipiki, hata kama ni ya kuazima kwa saa moja.