Malenga wa Chicago na Maisha ya Lincoln

Mshairi ana ruhusa ya kusema asiyoyashuhudia, na mwandishi wa wasifu hana. Ndiyo maana watu hawa wawili aghalabu hawakai jamvi moja. Katika lugha yetu Shaaban Robert aliwakutanisha, alipomwandika Siti binti Saad kwa kalamu ile ile iliyozoea kutunga tenzi. Huko Marekani aliyethubutu jambo hilo, tena kwa kiasi cha kumtisha msomaji mvivu, ni Carl Sandburg, aliyeandika maisha ya Rais Abraham Lincoln katika juzuu sita, ambazo nne za mwisho peke yake zina maneno zaidi ya milioni moja.

Sandburg alizaliwa tarehe 6 Januari 1878 katika mji wa Galesburg, jimbo la Illinois, mtoto wa wahamiaji kutoka Uswidi, na baba yake alikuwa msaidizi wa mhunzi katika karakana ya reli. Aliacha shule angali mtoto wa miaka kumi na mitatu hivi, akauza nguvu zake popote zilipopata mnunuzi: alipeleka maziwa majumbani, akafagia duka la kinyozi, akavuna ngano Kansas, akaosha vyombo mahotelini, na safari zake akizifanya kwa kudandia mabehewa ya mizigo bila nauli. Mwaka 1898 alikwenda na jeshi Puerto Rico katika vita vya Marekani na Hispania. Mwaka uliofuata akapelekwa katika chuo cha maofisa cha West Point, ambako hakumaliza hata mwezi, kwa kuwa alianguka mtihani wa hesabu na, jambo ambalo wapenzi wa mashairi yake hulisimulia kwa furaha, mtihani wa sarufi.

Lililo na uzito zaidi kuliko hayo ni mji wenyewe aliokulia. Tarehe 7 Oktoba 1858 Lincoln na mshindani wake Stephen Douglas walisimama mbele ya umati nje ya chuo cha Knox hapo Galesburg, wakajadiliana juu ya utumwa. Na Sandburg alipokuwa mtoto, wazee waliomwona Lincoln kwa macho yao, waliomsikia sauti na kumcheka urefu wake, walikuwa bado hai na bado wanamzungumza. Kwa hiyo kabla hajawa mtu wa vitabuni, Lincoln alikuwa kwake mtu wa kusimuliwa, mithili ya jirani aliyehama.

Sifa ya ushairi ilimjia amekwisha kupita umri wa miaka thelathini na mitano. Mwaka 1914 gazeti la mashairi lililoongozwa na Harriet Monroe lilitoa shairi lake kuhusu Chicago, mji wa machinjio, viwanda na reli, na miaka miwili baadaye kikatoka kitabu kizima. Malenga wa Tanga au wa Lamu angeyasoma mashairi hayo akauliza vina viko wapi na mizani imepotelea wapi, na swali lake lingekuwa la haki, maana Sandburg alizitupa kanuni hizo zote mbili kwa makusudi, akashika mwendo wa maneno ya makuli, wachuuzi na wajenzi. Sikio hilo la kushika usemi wa watu alilitumia pia katika kazi yake ya mshahara, uandishi wa habari, na mwaka 1919 aliandika makala juu ya hali ya watu weusi wa Chicago, mwaka ambao weupe na weusi wa mji huo walipigana barabarani.

Kitabu cha Lincoln kilianza kwa jambo dogo. Mchapishaji wake, Alfred Harcourt, alimwomba hadithi ya maisha ya Lincoln kwa ajili ya watoto, naye alipoketi kuiandika kikamshinda kukizuia, kikakua hata mwaka 1926 kikatoka katika juzuu mbili nene za watu wazima, zinazoishia pale Lincoln anapouaga mji wa Springfield kwenda kushika urais. Wasomaji walikipokea kwa shangwe. Wanahistoria walikunja nyuso, na kwa maoni yangu walikuwa na haki kwa sehemu kubwa. Hakuna rejea chini ya kurasa, na tena na tena mshairi anaingia mahali ambapo hapakuwa na shahidi, akatueleza jinsi upepo ulivyovuma na moyo ulivyodunda. Mapenzi ya Lincoln kijana na binti Ann Rutledge, aliyefariki mwaka 1835, ambayo ithibati yake ni kumbukumbu za wazee zilizokusanywa miaka mingi baadaye, yamepambwa humo kama kwamba mwandishi alijibanza nyuma ya mti.

Mwaka 1928 pambo hilo lilimtokea puani. Gazeti kubwa la Atlantic Monthly lilianza kuchapisha barua za mapenzi zilizodaiwa kuwa za Lincoln na Ann, kutoka kwa mwanamke mmoja wa California, na Sandburg alikuwa miongoni mwa walioziona na kuzisadiki. Aliyesimama kuzikanusha ni mtafiti kijana wa Springfield, Paul Angle. Barua zilitaja kuhamia Kansas, ilhali Kansas ilikuwa haijafunguliwa kwa walowezi hadi mwaka 1854; zilitaja kiwanja nambari arobaini, ilhali kwa kanuni ya upimaji wa ardhi ya nchi ile nambari huishia thelathini na sita. Zilikuwa za kughushi. Sandburg alikiri kwamba amedanganyika, na kilichonipendeza kuliko ungamo lenyewe ni kwamba mwaka 1932 alitoa kitabu juu ya Mary, mke wa Lincoln, akishirikiana na huyo huyo Angle.

Nadhani hapo ndipo alipopata adabu ya kazi, kwani juzuu nne za miaka ya vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, zilizotoka mwaka 1939, zimeandikwa na mtu mwingine. Alizifanyia kazi ghorofani katika nyumba yake ya Harbert, kando ya Ziwa Michigan, mashine yake ya kuandikia ikiwa juu ya kreti la machungwa. Humo mshairi anajizuia, anawaachia wengine maneno: askari waandikao kwa mama zao, wahariri wamtukanao Rais, waomba kazi wanaojipanga katika njia za Ikulu, na mizaha ya Lincoln ambayo mawaziri wake hawakuielewa. Mwaka 1940 zilipewa tuzo ya Pulitzer ya historia, wala si ya wasifu, kwa sababu masharti ya wakati ule hayakuruhusu tuzo ya wasifu kutolewa kwa maisha ya Washington wala ya Lincoln. Baadaye mhakiki Edmund Wilson alisema kwa ukali kwamba tangu risasi ya Booth, muuaji wake, Lincoln hakupatwa na mkasa mbaya kuliko kuangukia mikononi mwa Sandburg. Kwa juzuu za kwanza namwelewa. Kwa hizi nne amekosa insafu.

Fauka ya hayo, juzuu zote sita ziliandikwa bila ya nyaraka alizoziacha Lincoln mwenyewe. Mwanawe Robert alizikabidhi kwa Maktaba ya Bunge kwa sharti kwamba zisifunguliwe mpaka itimie miaka ishirini na mmoja tangu kufa kwa huyo Robert, na muda huo ulitimia usiku wa manane kuamkia tarehe 26 Julai 1947. Sandburg, mzee wa miaka sitini na tisa, alikuwapo makabati yalipofunguliwa. Wakati huo alikuwa amehamia Flat Rock, North Carolina, katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya Christopher Memminger, waziri wa fedha wa wale waasi wa Kusini waliopigana na Lincoln, na mkewe Lilian akifuga humo mbuzi wa maziwa.

Mwaka 1954 alizifupisha juzuu sita kuwa kitabu kimoja, na asiye na nafasi kitamtosha. Mwenye nafasi ningemshauri aanzie juzuu ya mwisho, inayosimulia mauaji ya Aprili 1865 na safari ya jeneza kwa gari moshi kutoka Washington hadi Springfield, watu wakisimama kandokando ya reli hata usiku. Ndipo azirudie zile mbili za mwanzo, kalamu ya risasi mkononi, akiweka alama kila anapoona hapana shahidi.